Sheria Ndogo ya Kuikataza Redio Kuchunga Ng'ombe

Marahaba, vijana wangu, marahaba. Shikamoo zenu zimenifika zote, hata za wale waliosalimia huku wanachezea simu.

Naambiwa ninyi ndio watendaji wapya wa vijiji na mnataka kujua kazi hii ikoje. Habari za mihutasari, vyoo bora na mahudhurio ya wajumbe sitawaeleza, hizo mtaletewa waraka na mtasinzia wenyewe. Nitawaeleza kuhusu sheria ndogo. Na msinikatize, kwa sababu nikikatizwa narudi mwanzo, mke wangu atawaambia.

Mimi ni mtu wa kata ya Daudi, kule juu Mbulu ambako mtu anavaa koti kwenda kuoga. Kazi nilifundishwa na Mzee Bura, mtendaji wa kata wa zamani, mfupi, mwenye sauti kama ya mtu anayeita basi. Kila rasimu ya sheria aliipeleka nyumbani akamsomea mkewe akiwa jikoni. Mkewe akiuliza, "Kwani nani kafanya hivyo?" Mzee Bura aliichana palepale. Alisema ukisikia swali hilo ujue umeandika ugomvi wako na jirani, hujaandika sheria.

Jambo la pili alilonifundisha ni hili, na naomba mliandike: andika kitendo, usiandike chombo. Ukiandika chombo, watu watabadilisha chombo wakati wewe unatafuta wino wa muhuri.

Alilijua hilo kwa uchungu. Mbulu mjini waliwahi kupitisha sheria kwamba kila baiskeli inayobeba abiria iwe na kengele na pampu. Ikapanda juu, ikakaa, ikarudi na muhuri wake mzuri. Iliporudi, hakuna tena aliyebebwa kwa baiskeli, watu walishahamia kwenye boda boda. Sasa kulikuwa na mgambo mmoja mtiifu kupita kiasi. Akasimama njiani anazuia pikipiki anadai pampu na kengele. Vijana wakachoka kubishana, wakanunua. Basi ukawa unasikia pikipiki inashuka mlima kwa mngurumo wa kutisha, halafu kwenye kona inapiga ngrin ngrin. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Sikujua kwamba langu linakuja.

Langu lilikuja nilipohamishiwa Hanang, kwenye kijiji kimoja cha upande wa Masakta. Huko ni tambarare, jua kali, mahindi na mbaazi upande huu, malisho upande ule. Mfugaji wa huko ana wimbo wake na mluzi wake. Anamwimbia dume wake wa mbele tangu akiwa ndama, anamsifia pembe na nundu, na kundi zima linajua sauti hiyo. Ng'ombe wa boma moja hawafuati mluzi wa boma lingine hata uimbe mpaka utokwe na jasho. Na jioni ana mwito wa kuwarudisha nyumbani, mrefu, wa kupanda na kushuka, wakiusikia hawaulizi, wanageuka.

Pale kijijini kulikuwa na Gidamis. Mtu mcheshi, mrefu, shuka lake begani, fimbo yake mkononi, na uvivu wake ambao ulikuwa na akili nyingi. Gidamis alikwenda mnadani akanunua redio ya flashi, ile ndogo ya sola, nyekundu. Akampata fundi simu, wakarekodi nyimbo zake zote na miluzi yake yote. Akaifunga redio kwenye shingo ya dume wake wa mbele. Asubuhi anaiwasha, dume anatembea huku anaimbiwa, kundi linamfuata dume, na Gidamis anakwenda zake kwenye bao.

Habari hii niliipata kutoka kwa Mama Yustina. Huyu alikuwa mjane, analima peke yake shamba la mahindi lililopakana na malisho, na mahindi hayo ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Alikuja ofisini ameshika bua la hindi lililotafunwa nusu.

"Shikamoo mtendaji."

"Marahaba mama. Kuna nini?"

"Ng'ombe wa Gidamis wako shambani kwangu."

"Mchungaji ni nani?"

"Redio."

"Mama, nimeuliza mchungaji."

"Na mimi nimejibu."

Nikaenda naye. Nikawakuta kweli, wamejaa kwenye mahindi, na sauti ya Gidamis inaimba kwa raha zote. Nikaita kwa ukali wa kiserikali, "Gidamis! Uko wapi?"

Sauti ikajibu, "Nipo, nipo. Habari za asubuhi?"

Nikasema, "Nzuri. Toka huko uliko!"

"Haya, twende, twende," ikasema sauti, ikakohoa.

Jamani, nilimtafuta yule mtu vichakani mpaka suruali ikachanika. Kumbe alipokuwa anarekodi alipita mtu akamsalimia, na salamu zikaingia humohumo. Nilikuwa nabishana na shingo ya ng'ombe. Mama Yustina alisimama pembeni ameshika kiuno, wala hakunisaidia, alitaka nijionee.

Nikaona isiwe tabu. Nikaikamata redio. Nikaifungua shingoni mwa dume, nikaishika mkononi kama kidhibiti, nikaanza safari ya ofisini. Kosa langu ni kwamba kitufe cha kuzimia kilikuwa kimeng'oka. Basi redio inaimba mkononi mwangu, na kundi lote likageuka likanifuata. Nikitembea linatembea. Nikisimama linasimama, dume ananipumulia shingoni. Tulipita sokoni hivyo, mtendaji mbele, ng'ombe nyuma, wimbo wa kusifia nundu ukiendelea. Kina mama waliacha kuuza nyanya. Mtu mmoja akapiga vigelegele.

Nikajifungia ofisini na redio. Ng'ombe wakaizunguka ofisi, wakalala. Dume akaingiza kichwa dirishani akala tangazo la chanjo ya mbwa na nusu ya kalenda. Saa sita mchana Gidamis akafika, ametulia, akanipa mkono.

"Asante sana mtendaji," akasema. "Umenichungia vizuri."

Tulikaa kikao cha halmashauri ya kijiji. Sheria tuliyokuwa nayo ilisema mchungaji atakayekutwa na mifugo kwenye shamba la mtu atawajibika. Gidamis akasimama, akaweka shuka vizuri.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi sikukutwa. Nilikuwa kwenye bao, na mwenyekiti ni shahidi kwa sababu alikuwa ananifunga. Aliyekutwa ni redio. Mhukumuni redio."

Mwenyekiti wetu, Paskali, akaangalia chini. Kweli walikuwa wanacheza wote.

Sitamsema Gidamis vibaya zaidi ya haki yake. Alimpelekea Mama Yustina kibuyu cha maziwa kuomba radhi. Mama akapokea, akashukuru, kisha akasema, "Maziwa haya hayapukuchuliki. Watoto wangu watasaga nini?" Mwaka ule alivuna mabua. Nilimwona anayafunga mzigo mzigo, na niliona aibu, kwa sababu alikuja kwangu mapema na mimi nilikuwa na muhuri na vitabu vyote na sikuwa na kitu cha kumpa.

Basi tukaitisha mkutano mkuu wa kijiji tubadilishe sheria. Nikakumbuka mafunzo ya Mzee Bura, nikaandika vizuri: mwenye mifugo ndiye atakayewajibika, awepo asiwepo. Kitendo hicho, chombo hakuna. Nikasoma. Watu wakaguna.

"Redio iko wapi?" akauliza mmoja.

"Haihitajiki," nikasema. "Imo ndani ya maana."

"Ndani ya maana ndiyo wapi? Taja redio!"

"Unamficha Gidamis!" akapiga kelele mwingine.

"Taja na rangi! Nyekundu!"

Nikaeleza, nikaeleza tena, sauti ikanikauka. Wakapiga kura. Ikapita kwa mikono mingi na kelele: ni marufuku redio nyekundu ya sola kuchunga mifugo katika eneo la kijiji. Hata Gidamis alinyoosha mkono kuunga mkono. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Rasimu ikaanza safari. Ninyi mtazijua hizo ngazi: kijiji, kata, wilaya, mwanasheria, madiwani, na kila ngazi ina mtu aliyesafiri kikazi. Mnada uliofuata Gidamis akarudi na redio ya bluu. Nikamkuta njiani.

"Gidamis, hii nini?"

"Nimetii, mtendaji. Nimetii hata kabla haijafika. Wananchi wangapi wanafanya hivyo?"

Tukaitisha mkutano tena, tukaandika redio ya rangi yoyote. Huko juu kulikuwa na mwanasheria kijana, mpole, mgeni wa mkoa, akairudisha na swali: je, na redio ya kwenye gari linalopita limebeba kuku? Nikajibu swali. Akarudisha lingine. Simlaumu, alikuwa anafanya kazi yake kwa bidii kuliko kazi ilivyohitaji. Tukiwa bado tunaandikiana, Gidamis aliachana na redio kabisa. Akaweka nyimbo kwenye simu, simu akaitia kwenye soksi, soksi akaifunga kwenye pembe. Akaniambia sauti ya simu ni safi zaidi, dume anaipenda.

Mara ya tatu nikasema sasa nawakomesha wote. Nikaandika: kifaa chochote chenye kutoa sauti. Nikaona nimefika. Nilipoisoma mkutanoni, mzee mmoja akauliza kuhusu kengele ya ng'ombe, maana nayo inatoa sauti, na hapo kila aliyekuwa na ng'ombe akasimama. Mwalimu wa kwaya akauliza kuhusu kinanda, kwa sababu mbuzi wa parokia humfuata akifanya mazoezi. Mwingine akauliza, kwa dhati kabisa, kama filimbi ya mwamuzi imo. Tulitoka pale jua limeshuka, na kifungu kimepata mkia mrefu: kifaa chochote chenye kutoa sauti isipokuwa kengele, kinanda cha ibada na filimbi ya michezo, kisiongoze, kisiite wala kisipotoshe mifugo; kikikutwa kitataifishwa.

Ikapanda. Ikakaa.

Mama Yustina hakukaa. Alipanda mahindi mengine, na safari hii alitafuta simu ya kupangusa, kuukuu, kioo kimepasuka kwenye kona. Jioni moja akaenda kuchota maji kwenye birika la mifugo wakati Gidamis anaita ng'ombe wake kurudi nyumbani. Akaweka simu juu ya ndoo, akarekodi mwito mzima, hadi kikohozi chake cha mwishoni. Kesho yake ng'ombe walipokaribia uzio wake, akabonyeza.

Ng'ombe wakanyanyua vichwa. Dume akasikiliza soksi yake inayosema twende mbele, akasikiliza uzio unaosema turudi nyumbani. Akaamua nyumbani. Saa tatu asubuhi kundi zima lilikuwa bomani limejilaza, na Gidamis yuko kwenye bao hana habari.

Ikawa hivyo kila siku. Ng'ombe wakienda, wanarudi. Maziwa yakapungua, mbavu zikaanza kuonekana. Gidamis akaja ofisini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Mtendaji, kuna mtu anawadanganya ng'ombe wangu."

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Sauti ni yangu. Mimi niko kwenye bao, na mimi huyohuyo niko uzioni nawaita. Hii si haki. Mtu hawezi kuamriwa ng'ombe wake na yeye mwenyewe bila ridhaa yake. Nataka sheria!"

Nikamwambia sheria ipo, iko njiani, na yeye ndiye chanzo chake. Aka! Alibadilika kuwa raia mwema. Alipanda pikipiki mwenyewe kuifuatilia, ofisi hii mpaka ofisi ile, anasalimia kila karani kwa heshima zote. Ile rasimu iliyokuwa imelala kama paka ikaamka. Ikasainiwa, ikapigwa muhuri, ikashuka kijijini. Sijawahi kuona karatasi ya serikali inakimbia namna hiyo.

Na ilifika wakati mbaya. Mahindi ya Mama Yustina yalikuwa yamebeba, yanaanza kukauka, yamebakiza siku chache tu kuvunwa. Bila simu ile, ng'ombe wangeyamaliza kwa asubuhi moja. Sheria niliyoiandika kumlinda yeye ilikuwa imefika, na mtu wa kwanza inayemkamata ni yeye. Usingizi ulinipaa. Nilimpigia Mzee Bura, akiwa amestaafu, nikamsomea kifungu chote. Akamrudia mkewe kifungu kwa sauti, nikamsikia mama akiuliza kutoka jikoni, "Kwani nani kafanya hivyo?" Mzee akakata simu.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Chini kidogo, upande wa birika, ng'ombe wa Gidamis walikuwa wanakula majani peke yao, maana bwana mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, ameivua simu kwenye pembe ya dume kwa kutii sheria mpya. Nikasoma kifungu. Gidamis akasimama.

"Namshtaki Mama Yustina. Hata leo asubuhi amewageuza. Watu wamesikia."

Watu wakakubali, wamesikia. Paskali akaniangalia. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, lete simu."

Akaja mbele, akaiweka mezani. Wakati huohuo mtu akasema, "Tazameni." Dume alikuwa ameanza kutembea. Taratibu, bila haraka, anaelekea kwenye mahindi, na wenzake nyuma yake. Mama Yustina aliwaona kabla yetu wote. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la kitenge.

Sasa utaratibu ni utaratibu: kabla sijataifisha lazima nithibitishe kwamba kifaa kinatoa sauti. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza pembeni, nikabonyeza juu. Kioo cheusi.

"Mama, washa hii simu."

"Haiwaki, mtendaji. Ilidumbukia kwenye ndoo ya maji juma lililopita."

"Juma lililopita?"

"Ndiyo."

Nikageuka kumwangalia Gidamis, Gidamis akaniangalia mimi. "Sasa leo asubuhi ng'ombe waligeuzwa na nini?" nikauliza.

Mama Yustina akajifunga kitenge vizuri. Akaweka kiganja shavuni, akavuta pumzi, akauachia ule mwito. Wote, mrefu, kupanda na kushuka, na kikohozi cha Gidamis kilekile mwishoni. Alikuwa ameusikia mara nyingi mno, umemwingia kwenye mifupa. Dume alisimama, mguu mmoja tayari uko ndani ya shamba. Akageuka. Kundi likageuka. Wakashika njia ya bomani kwa mstari mmoja, na Gidamis mwenyewe akanyanyuka akapiga hatua kuelekea bomani kwake kabla hajajitambua.

Uwanja ulilipuka. Watu walianguka kwa kicheko, mwalimu wa kwaya akafuta machozi. Yule mzee wa kengele akanyoosha mkono: "Mtendaji, mdomo ni kifaa?"

Nikapekua sheria mbele, nikapekua nyuma. Kengele imo, kinanda kimo, filimbi imo. Mdomo haumo. Wengine wakaanza kupiga kelele tuandike na mdomo, na nikawaona kabisa wanatafuta rangi yake. Nikagonga meza nikasema mkutano umefungwa, haraka sana, nikakalia karatasi.

Gidamis alibaki amesimama ameshika fimbo. Akamfuata Mama Yustina taratibu.

"Mama," akasema, na sasa hakukuwa na mzaha. "Nifundishe. Mimi mwenyewe siku hizi nikiwaita kwa mdomo hawanisikii. Wananiangalia tu kama mgeni."

Mama Yustina akachukua simu yake mezani, akaifuta vumbi. "Njoo siku ya kuvuna," akamwambia. "Nitakufundisha huku unabeba magunia."

Alikuja alfajiri, bila kuitwa mara ya pili. Alibeba magunia yote mgongoni, moja baada ya jingine, anajaribu mwito na pumzi zinamkatika, na ng'ombe wake walisimama nje ya uzio wakimsubiri mama aite.